Toba Katika Hadithi za Vijana

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, vichache vimeishughulikia toba kwa bidii kama Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert wa Tanga iliyotoka mwaka 1952.

Asili yake ni ya kale, nayo imo katika Alfu Lela Ulela, ambamo liwali wa Basra anawatandika kila usiku mbwa wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake, waliomtosa baharini kwa husuda. Shaaban Robert aliihamishia Janibu, akawafanya mbwa kuwa manyani, na ndugu akawaita Hasidi na Mwivu. Lakini badiliko kubwa zaidi ni la hatima: katika masimulizi ya Kiarabu ndugu hao, wakiisha kusamehewa na kurejezewa sura ya binadamu, huirudia hiana yao, wakajaribu tena kumwua aliyewahurumia, nao mwisho wao ni kuuawa, ilhali kwa Shaaban Robert shufaa ya mfalme Rai inakubaliwa, majuto yao yanathibiti, na udugu uliovunjika unaungwa.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Rosa Mistika, riwaya iliyopigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo yaliyokuwa yakisitiriwa. Rosa, aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi na kisha akapotea alipopata uhuru wa masomoni, anaihasibu nafsi yake, anaacha ufuska na kuposwa na Charles. Lakini mchumba huyo, akisha kujua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua.

Basi kati ya vitabu hivi viwili swali limehama. Shaaban Robert aliuliza kama mkosaji aweza kutubu kwa ikhlasi, akajibu kwamba aweza. Kezilahabi hakulibatilisha jibu hilo, ila aliongeza kwamba toba ya mtu haimfai kitu hapa duniani wakati wenziwe wamekataa kuipokea. Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wavisomeshe vyote viwili kwa pamoja, maana kijana aliyefunzwa kutubu bila ya kufunzwa kusamehe amepewa nusu ya adabu.