Chujio la Backpage: neno lilifutwa, tangazo likabaki

Leo tuongee historia kidogo, na si ya kufurahisha. Ni habari ya watoto waliouzwa kwa ngono kupitia matangazo madogo madogo ya intaneti huko Marekani, na ya watu waliopigana kuyazuia.

Craigslist ilianza 1995 kule San Francisco, Craig Newmark akiwatumia marafiki barua pepe tu. Ikakua: nyumba za kupanga, kazi, viti vya mtumba, na pia sehemu ya huduma za watu wazima. Wanaharakati walisema humo ndani wanauzwa hata watoto. Agosti 2010 wanasheria wakuu wa majimbo 17 waliitaka ifunge sehemu hiyo, na Septemba ikafungwa.

Je, biashara ilikufa? Wapi! Ilihamia Backpage, tovuti iliyoanzishwa 2004. Wanaharakati wakaifuata huko, lakini mahakamani mara nyingi waligonga ukuta. Kifungu cha 230 cha sheria ya 1996 kinasema mwenye tovuti hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Boston iliwakatalia wasichana watatu waliouzwa humo tangu wakiwa na miaka 15, ikisema dawa iko kwa watunga sheria.

Sasa hapa ndipo mimi mwandishi wa programu ninaposhtuka. Januari 2017 kamati ndogo ya Seneti ilitoa ripoti kuhusu jinsi Backpage ilivyofanya kazi kwa ndani. Chujio la kawaida likikuta neno la hatari hulikataa tangazo zima. Chujio lao lilifuta neno lenyewe, kwa mfano "msichana mdogo" au "mwanafunzi wa kike", kisha tangazo likapita. Mtoto alibaki sokoni, ushahidi ndio uliotoka. Ubao wa matangazo haufanyi hivyo. Huo ni uhariri.

Tarehe 6 Aprili 2018 FBI iliikamata tovuti, na mwezi huohuo mkurugenzi wake mkuu, Carl Ferrer, akakiri makosa. Siku 5 baada ya kukamatwa kwake, Rais Trump alitia saini FOSTA, sheria iliyopunguza kinga ya kifungu cha 230. Yaani Backpage ilianguka kwa sheria zilizokuwepo tayari. Ukaguzi wa serikali wa 2021 ulikuta kosa jipya la jinai la FOSTA limetumika mara moja tu, huku watu wazima wanaouza ngono wakilalamika kuwa wamepoteza njia ya kuwachunguza wateja kabla ya kukutana nao.

Kwa maoni yangu, wanaharakati walikuwa sahihi kuhusu Backpage, na kilichowapa haki ni mistari michache ya programu. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika programu, mkipewa kazi ya kutengeneza chujio, ulizeni: likikuta neno baya linafanya nini, na nani anaarifiwa?