Innoss'B

Innoss'B (jina kamili Innocent Didace Balume, alizaliwa Goma, 6 Mei 1997) ni mwimbaji na mnenguaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Goma ni makao makuu ya Kivu Kaskazini.

Alianza kuimba utotoni pamoja na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Kundi la Boyzone la Ireland lilikusanya vijana kwa usaili, lakini Maisha Soul walitoka nyumba moja. Mwaka 2010, akiwa na miaka 13, alishinda shindano la Vodacom Superstar, akawa msanii wa kujitegemea.

Wimbo uliomvusha mipaka ni "Yope", jina la Kilingala lenye maana ya "wewe pia". Mwaka 2019 aliurudia na Diamond Platnumz wa Tanzania, na video yake ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 YouTube. Anayeitazama hukumbuka miguu kuliko maneno, na si ajabu: Innoss'B hucheza kwanza, sauti hufuata. Mtindo wake huuita Afro Congo.