Jaji Ni Mwalimu wa Nani?

Mwaka 1939 Nancy Drew, msichana mpelelezi aliyependwa sana na wasomaji wa Marekani, aliingizwa katika kisa kilichoitwa The Clue of the Tapping Heels, fumbo la visigino vinavyogonga sakafu. Dansi ya kugonga visigino ilizaliwa Marekani, pale Wamarekani weusi na wahamiaji wa Ayalandi walipotazamana miguu na kuibiana hatua. Mwandishi wa riwaya za upelelezi angefaidi zaidi kama angeufuata mlio huo hadi kwenye mashindano ya ngoma ya Ayalandi yenyewe. Huko fedha ipo, mapambo ya kumgeuza mtoto asitambulike yapo, na jaji anajulikana na kila mtu ukumbini.

Ushindani wenyewe ni wa zamani. Karne ya 18 mwalimu wa ngoma alihama kijiji hadi kijiji, akilala kwa wakulima na kufundisha kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Kila mwalimu alikuwa na eneo lake, na inasimuliwa kwamba wawili wakikutana gulioni walicheza hadi mmoja aishiwe nguvu. Nyumba nyingi zilikuwa na sakafu ya udongo isiyotoa mlio, kwa hiyo mlango uling'olewa ukalazwa chini ili viatu visikike.

Majaji walikuja na siasa. Mwaka 1893, Ayalandi ikiwa bado chini ya Uingereza, jumuiya ya Conradh na Gaeilge iliundwa Dublin ili kufufua lugha ya Kiayalandi. Ngoma ikaingizwa katika kazi hiyo, na matamasha ya mashindano, yanayoitwa feis, yakaenea. Sasa ilibidi mtu aamue hatua ipi ni ya kienyeji. Dansi za makundi zenye asili ya Ufaransa, ambazo wanakijiji walikuwa wamezicheza kwa miongo mingi, zilikataliwa kuwa za kigeni, na mtindo wa Munster, kusini mwa nchi, ukapewa kipaumbele. Naona huo ulikuwa uonevu. Bibi aliyecheza kwadrili, mojawapo ya dansi hizo, tangu usichana wake aliambiwa na vijana wa mjini kwamba hiyo si ngoma ya kwao.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 jumuiya ilikuwa na tume ya ngoma, Coimisiún le Rincí Gaelacha, yenye kazi ya kuwatahini na kuwasajili walimu na majaji. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Dublin mwaka 1970. Miaka mitano baadaye Michael Flatley wa Chicago akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa taji. Yeye na Jean Butler ndio waliocheza onyesho la Riverdance katika mapumziko ya shindano la nyimbo la Eurovision mwaka 1994, na baada ya dakika hizo chache shule za ngoma zikafurika watoto. Mashindano ya dunia yakavuka bahari: Glasgow mwaka 2002, Philadelphia mwaka 2009.

Gharama nazo zikapanda. Gauni moja la mashindano laweza kuzidi dola elfu moja. Msichana mara nyingi huvaa wigi la nywele za mawimbi, na soksi hubandikwa miguuni kwa gundi zisiporomoke.

Lakini fumbo lenyewe limo kwenye hesabu. Katika mashindano makubwa, alama anazotoa kila jaji hugeuzwa kuwa pointi kulingana na nafasi: wa kwanza hupata 100, wa pili 75, wa tatu 65, wa nne 60. Tazama pengo hilo. Jaji mmoja akimpandisha mchezaji kutoka nafasi ya pili hadi ya kwanza, amempa pointi 25. Kutoka ya nne hadi ya tatu, 5 tu. Filamu ya Jig ya mwaka 2011 inaonyesha pointi zikisomwa jaji mmoja baada ya mwingine, huku wachezaji wakijumlisha kichwani kujua kama wameshinda kabla ya kuambiwa.

Na jaji huyo kwa kawaida ametokea kwenye ualimu. Ni kama refa wa fainali kuwa kocha aliyekulia kwenye ligi hiyohiyo. Oktoba 2022 magazeti ya Ayalandi yalichapisha madai kwamba walimu na majaji walikuwa wakiombana upendeleo kwa ujumbe wa simu. Tume ilithibitisha kwamba ilikuwa imepokea madai hayo, pamoja na vielelezo, tangu Julai, na kwamba jaji mstaafu wa Mahakama ya Rufaa angesimamia uchunguzi.

Msichana mpelelezi akitumwa kwenye ukumbi kama huo angeanza na orodha ya majaji. Nani alifundishwa na nani? Nani aliwahi kuwa na shule katika mji upi? Na mwezi ujao, jaji wa leo atakapokuwa amekaa kwa watazamaji, mtoto wa nani atapanda jukwaani?