Fleti ya Ghorofa ya Sita

Kwa wazee wetu wa Mbulu, nyumba na udongo vilikuwa kitu kimoja. Waliokaa katika miinuko ya Kainam walichimba ubavu wa kilima, wakajenga humo humo na kuezeka kwa miti na udongo, hata mtu aliye ng'ambo ya bonde asitambue upesi kwamba pale wanakaa watu. Sababu yake yajulikana. Wamasai walikuja kuteka ng'ombe, na nyumba inayoonekana kwa mbali ilikuwa hatari. Watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Nyumba nyingi za namna hiyo ziliachwa watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, lakini fikira yake haikuhama.

Nayaeleza haya ili msomaji aelewe kwa nini ukoo wetu ulikaa vikao vitatu kwa ajili ya fleti moja. Mwaka 2024 mpwa wangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alituarifu kwamba amepata fleti mpya inayouzwa Upanga, vyumba viwili, ghorofa ya sita. Akiba yake na mkopo wa benki vilikuwa vimepungua kidogo. Alimwomba mama yake auze shamba la Endasak, ekari tano. Dada yangu akanipigia simu usiku ule ule.

"Kaka," alisema, "huyu mpwa wako anataka niuze ardhi ili yeye anunue hewa. Hiyo ghorofa ya sita, udongo wake uko wapi?"

Swali hilo si la mtu mjinga. Kwa muda mrefu hata sheria zetu hazikuwa na jibu zuri, kwani hati ilifuata kiwanja. Ni sheria Na. 16 ya mwaka 2008, ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyomwezesha kila mwenye fleti kupata hati yake mwenyewe. Ngazi, paa, lifti na ua ni mali ya wote, kila mmoja kwa fungu lake, na wenye fleti huunda chama chenye kanuni na michango. Isitoshe, hata mwenye kiwanja hana udongo wa milele. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na hati ya kumiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99.

Katika kikao cha kwanza, mzee mmoja aliyepata kuwa karani Dar es Salaam alitukumbusha habari za Upanga yenyewe. Mtaa huo ulijengwa hasa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Waasia, wengi wao Waismailia waliojenga kwa vyama vya ushirika. Wakoloni walikuwa wameugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kisha, Aprili 1971, Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Aliyekaa mwenyewe katika nyumba yake yote aliachiwa. Lakini jengo lililopita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Majengo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Familia nyingi zilikwenda Kanada na Uingereza. Walioingia katika nyumba zile walikuwa watumishi wa kila kabila, na hivyo ndivyo Upanga ulivyoanza kuwa mtaa wa watu mchanganyiko. Mimi sioni haya kusema kwamba mchanganyiko huo naupenda, ingawa njia uliyopitia iliwaumiza wengi.

"Basi mnaona," akasema mzee. "Karatasi yaweza kufutwa."

Yaweza. Lakini nilimwuliza, je, wasiokuwa na karatasi walisalimika? Basotu, wilaya yetu hii hii ya Hanang, Wabarbaig walipoteza malisho yao bora yapatayo ekari 100,000 kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada. Makaburi ya wazee wao yalilimwa kwa trekta. Walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa kwenye rufani. Na udongo wenyewe je? Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulishusha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Hapo kikao kilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake.

Jambo lililomgeuza dada yangu halikuwa sheria wala ngano. Nilimkumbusha kwamba kule Kainam, enzi za babu, shamba halikuuzwa. Mtu alipewa mahali na wazee wa *aya* (si aya ya kitabu, bali eneo la majirani wenye kiongozi mmoja wa mila), na majirani hao walikuwa wa koo mbalimbali. Akafikiri kwa muda. Kisha akauliza hao wa Upanga ni watu gani.

Aliuza ekari mbili. Tatu amezishikilia, na hataki kusikia habari zake.

Mpwa wangu alihamia mwaka uliofuata. Kikao cha kwanza cha chama cha wamiliki, alitusimulia, kilikaa saa mbili kwa ajili ya pampu ya maji. Walikuwapo mama mmoja wa Kiismailia, Mpemba mwenye duka Kariakoo, daktari wa Kihaya na wengineo. Dada akamwuliza nani alikuwa mzee wa kikao. Akajibiwa ni yule mama, kwa kuwa amezaliwa mtaa ule na anawajua mafundi wote. Juma lile lile dada alipakia gunia la maharage katika basi la Katesh, nusu ya mwanawe, nusu ya yule mama.