Nyumba za Nyanda za Njombe: Udongo, Moto na Msitu

Nyumba ni kumbukumbu ya jamii. Wahenga wetu hawakutuachia vitabu vingi, lakini walituachia kuta, mapaa na matanuri, na mambo hayo nayo ni maandishi kwa mtu anayejua kuyasoma. Katika insha hii tutaisoma historia ya ujenzi katika nyanda za juu za Njombe, na hasa Upangwa, nchi ya milima inayotazama Ziwa Nyasa, ambamo imo kata ya Mawengi katika Wilaya ya Ludewa. Swali letu ni moja: je, mwanadamu anaweza kujijengea makao bora leo bila kumnyang'anya mjukuu wake udongo, maji na miti ya kujengea kesho?

Nyumba ya wahenga

Nyanda hizi ni za baridi. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda mabondeni, na upepo wa milimani hupenya kila ufa. Kwa hiyo mjenzi wa kale alitafuta joto kabla ya kutafuta fahari. Alisimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo mzito, kisha akaezeka nyasi. Moto uliokokwa ndani ulipika chakula, ukawapasha watu joto, na moshi wake ukazikinga fito na nyasi dhidi ya wadudu waharibifu. Mianzi nayo ilikuwa na kazi mbili: ilitoa ulanzi, kinywaji cha nyanda hizi, na ilitoa fito za kujengea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ujima. Wanaume walikata miti, wanawake walichota maji na kukata nyasi, vijana walikanyaga udongo. Mwenye nyumba hakulipa fedha. Alilipa chakula na pombe, na siku ya jirani yake ilipofika alikwenda naye kusaidia. Nyumba hiyo ilipochakaa ilirudi ardhini ilikotoka, bila kuacha taka.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Paa la nyasi lilitaka kuezekwa upya mara kwa mara. Cheche moja ya moto iliweza kuiteketeza nyumba yote. Na moshi uliohifadhi fito uliumiza macho na vifua. Mtu aliyetamani nyumba ya kudumu zaidi hakuwa msaliti wa mila. Alikuwa mtu mwenye akili.

Moto wa wafua chuma

Wapangwa walijulikana kwa ufundi wa chuma muda mrefu kabla ya wakoloni. Nchi yao ni jirani ya Liganga, mahali penye akiba kubwa ya mawe ya chuma. Mafundi walijenga matanuri ya udongo, wakayeyusha mawe kwa makaa ya miti, wakafua majembe, shoka na mikuki. Tanuri lililinganishwa na mwanamke mjamzito, na kuyeyusha chuma kulilinganishwa na kujifungua. Ndiyo sababu kazi hiyo ilizungukwa na miiko mingi.

Ufundi huu unatufunza jambo kubwa kuhusu ujenzi. Udongo hauwi chombo kigumu wala jiwe haliwi chuma bila moto, na moto hauwaki bila msitu. Gharama ya kila tanuri huanzia msituni.

Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907 iliwakumba Wapangwa pamoja na majirani zao. Majeshi ya Wajerumani yalichoma nyumba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Miaka hiyo, pamoja na majembe ya kiwandani yaliyoingia madukani, ilidhoofisha ufundi wa kuyeyusha chuma, na hatimaye matanuri ya kienyeji yakazimika.

Tofali la kuchoma

Moto mwingine ukawashwa. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Ubena na Ukinga katika miaka ya 1890, na Wabenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898, walijenga makanisa, shule na hospitali kwa matofali ya kuchoma na vigae. Vijana waliofanya kazi huko walijifunza uashi na useremala, wakaupeleka ujuzi huo vijijini. Polepole nyumba ya tofali ikawa alama ya mtu aliyeendelea.

Baada ya Uhuru, alama hiyo ikawa sera. Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya wananchi nchini kote, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na mahitaji ya nyumba mpya yakaongezeka kwa ghafla. Wakati huohuo mawasiliano yalibadilika. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, ilipita Makambako, na mji huo ukawa lango la nyanda zote za Njombe. Saruji ya Wazo Hill, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na bati za kuezekea ziliweza kufika Makambako kwa treni. Lakini kutoka Makambako hadi Ludewa ilibaki safari ya barabara za milimani, na kila kilima kiliongeza bei ya mfuko.

Mwaka 1977, katika maandishi yake ya kupima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alilalamika kwamba wananchi wametekwa na saruji na bati, hata mtu anakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wake mwenyewe, akingoja vitu vya dukani. Miaka iliyofuata ilithibitisha hatari ya kungoja. Bei ya mafuta ilipanda, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilimaliza fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 saruji na bati zikawa bidhaa adimu.

Onyo la Mwalimu lilikuwa na uzito. Lakini lilikuwa na upande wa pili ambao wakati ule haukujadiliwa vya kutosha: tofali la kuchoma nalo lina deni, na deni hilo hulipwa na msitu.

Deni la msitu na bonde

Tufuate safari ya tofali. Udongo mzuri hupatikana mabondeni, kulekule ambako wananchi hulima vinyungu wakati wa kiangazi. Unapochimbwa ovyo, bonde hubaki na mashimo, na kinyungu hupotea. Kisha matofali hupangwa tanuri, na kuni huwaka usiku na mchana. Tofali lisilokauka vizuri hula kuni nyingi zaidi, kwa kuwa moto wa kwanza wote hutumika kukausha maji tu. Tanuri lisilosiribwa vizuri hupoteza joto, na matofali ya nje hubaki mabichi.

Njombe ina bahati ya kuwa na utamaduni wa kupanda miti. Kampuni ya miwati ilianza mashamba yake mwaka 1949, na baadaye wananchi wenyewe walipanda misindano na mikaratusi. Bahati hiyo nayo ina masharti, maana mikaratusi iliyopandwa penye chemchemi hunywa maji ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vingine vya maji. Watu wa Mawengi hawahitaji kuelezwa sana maana ya sheria hiyo, kwani umeme wao umetokana na maporomoko ya Mto Kisongo. Mlima ukivuliwa miti, mto hupungua, na taa hufifia.

Saruji nayo isidhaniwe kuwa haina deni kwa sababu tu tanuri lake liko mbali. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Njia iliyo mbele

Taifa letu lilianza kutafuta jibu mapema. Kitengo cha Utafiti wa Majenzi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1971, na wakala uliokirithi ukaeneza tofali la udongo linalochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Matofali hayo hufungamana yenyewe kwa yenyewe na kupunguza chokaa au saruji ya kuunganishia. Hayafai kwa kila udongo, kwa hiyo ni lazima udongo upimwe kwanza. Panapochomwa matofali, na yakauke kivulini kwanza, tanuri lisiribwe, na kuni zitoke kwenye shamba lililopandwa kwa kazi hiyo.

Walimu na wanafunzi wanaweza kuanza na shule yao wenyewe. Na waulize: matofali ya darasa letu yalichimbwa wapi, kuni zake zilikatwa wapi, na je, miti mingine ilipandwa? Shimo la udongo lililo nyuma ya shule ni somo la historia na la jiografia kwa pamoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ufa umekwisha kuonekana mabondeni na milimani, na udongo wa kuuziba bado upo.