Fuvu la Mkwawa na Mkuki wa Babu



Mwaka huu kamati imeniomba niandike historia, badala ya ile taarifa ya mapato na matumizi mliyozoea kuiona. Nimekubali, ila mtanivumilia. Mhasibu hata akisimulia habari za kale, bado anatafuta stakabadhi.

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunapita Lugalo asubuhi na jioni tukiwa tumebanana kwenye daladala, na ni wachache wanaokumbuka kwamba jina lile limetoka kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani. Kiongozi wake, Emil von Zelewski, aliuawa palepale. Wajerumani walichukua miaka mitatu kujipanga upya. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliishambulia Kalenga kwa mizinga, wakaingia ndani ya ngome. Ngome kwa Kihehe ni lilinga, na ndiyo asili ya jina la Iringa.

Mkwawa hakukamatwa. Alipigana vita vya porini karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, maadui wakiwa wamemkaribia, alijipiga risasi. Wakaukata mwili wake kichwa.

Hayo tuliyasoma shuleni. Yaliyofuata ndiyo huwa yananikosesha usingizi mimi mtu wa hesabu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yaliandika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ndani yake, pamoja na mambo makubwa ya mipaka na fidia za Ulaya, kuna kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lililetwa kwetu mwaka 1954. Deni la miezi sita lilichukua miaka 34!

Na lilipolipwa, lilikuja bila hati iliyonyooka. Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953, alikuta mafuvu mengi ya watu yamehifadhiwa humo. Lililochaguliwa lilipatikana kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Alikabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Hadi leo wapo wataalamu wanaohoji kama ndilo lenyewe. Sina ugomvi na wazee kwa hilo, wala sitaki kuanzisha. Nikisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo navua kofia kama kila mtu. Lakini najua swali lenyewe limetoka wapi: kitu kilitolewa nyumbani, na hakuna aliyeandika vizuri kimechukuliwa na nani, kimepelekwa wapi.

Sasa nije nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa na mkuki uliokaa juu ya dari ya jikoni, mweusi kwa moshi. Alisema aliurithi kwa baba yake, na kila mara aliposema hivyo alitaja jina la mtu na jina la kijito. Mimi nilikuwa mtoto, nikasikiliza kwa sikio moja. Nikiwa kidato cha pili alipita mtu akinunua vitu vya zamani. Mkuki ukauzwa, na fedha ile ikanunua sare zangu za shule na debe mbili za mahindi. Simlaumu babu, maana ada ni ada. Ila leo nikiulizwa ule mkuki ulikuwa wa nani, ulitumika wapi, sijui. Jina la mtu nimelisahau, na la kijito pia. Babu ameshafariki.

Makumbusho yetu pale Kalenga ni nyumba ndogo. Ina fuvu, ina silaha za wakati ule, na nje kuna makaburi ya ukoo. Watalii waendao Hifadhi ya Ruaha wanapita karibu, na baadhi wanakata kona kuja kuona. Yana wasimamizi wake na sisi hatuingilii kazi yao. Tunachokiona sisi ni kwamba sehemu kubwa ya historia haimo mle ndani. Imo kwenye dari za majiko, chini ya vitanda, na vichwani mwa bibi na babu wenye miaka themanini na zaidi.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu, mkiridhia katika mkutano mkuu, itanunua kinasa sauti, kamera na madaftari magumu, na kuwalipa posho vijana wawili waliomaliza shule wapite nyumba kwa nyumba. Hatununui kitu cha mtu wala hatumwondolei mtu kitu. Kitapigwa picha na kubaki kwa mwenyewe. Kitakachoandikwa ni jina la kitu kwa Kihehe, kazi yake, aliyekitengeneza kama anajulikana, na namna kilivyofika katika nyumba hiyo. Mzee akitaka kusimulia kwa Kihehe tupu, arekodiwe hivyohivyo. Tafsiri itafuata. Nakala moja ya daftari itakaa shuleni, nyingine kwa chama, na ya tatu tutaomba ipokelewe makumbusho.

Wenye wazee waliohamia kwa watoto wao mjini, tupeni taarifa mapema. Kuna bibi mmoja yuko Mbagala kwa mwanawe, naambiwa anaijua orodha ya mashamba ya zamani ya kando ya Ruaha Mdogo yote kwa majina. Huyo nimepanga kumfuata mwenyewe Jumapili ijayo.