Dhima ya Mwajiri nchini Japani: Mgogoro wa Toyota wa Mwaka 1950

Aghalabu ajira ya maisha nchini Japani huelezwa kuwa ni urithi wa kale, kana kwamba mwenye kiwanda alirithi moja kwa moja dhima ya bwana kwa watumishi wake. Mtazamo huo, uliopata nguvu James Abegglen alipochapisha utafiti wake kuhusu viwanda vya Japani mwaka 1958, hauafikiani na matukio ya miaka minane tu kabla yake.

Mwaka 1949 serikali, kwa ushauri wa mwanabenki wa Kimarekani Joseph Dodge, ilibana matumizi ili kudhibiti mfumuko wa bei. Fedha zikaadimika, magari ya Toyota yakakosa wanunuzi. Desemba mwaka huo Kiichiro Toyoda, mwasisi wa kampuni, aliafikiana kwa maandishi na chama cha wafanyakazi kwamba mishahara ipunguzwe kwa asilimia 10, lakini asiachishwe kazi mtu yeyote. Ahadi hiyo haikudumu. Benki zilizoiokoa kampuni zilitaka idadi ya wafanyakazi ipunguzwe, na Aprili 1950 uongozi ukatangaza kuwatafuta watu 1,600 wa kuondoka kwa hiari. (Neno hiari halina budi kusomwa hapa kwa tahadhari.) Migomo ikafuata. Toyoda alijiuzulu Juni 5, na siku chache baadaye mgogoro ukamalizika. Walioondoka walizidi hata idadi iliyotangazwa. Juni 25 Vita vya Korea vilianza, na mwezi uliofuata jeshi la Marekani likaanza kuagiza malori.

Kujiuzulu huko husifiwa kama kielelezo cha uwajibikaji. Sifa hiyo ina msingi, ila haikumrudisha kazini hata mmoja wa walioondolewa. Jambo lenye uzito zaidi kihistoria ni kwamba pande zote mbili zilikwisha kuonja gharama ya kuvunja ahadi. Mwaka 1962 uongozi na chama vilitoa tamko la pamoja la kuaminiana. Sheria ilikuja nyuma: mwaka 1975 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumwachisha mtu kazi bila sababu ya msingi inayokubalika katika jamii ni matumizi mabaya ya haki, na ni batili.

Hata hivyo, dhima hiyo iliwahusu hasa waajiriwa wa kudumu. Mwandishi Satoshi Kamata alipoingia Toyota mwaka 1972, aliingia kama kibarua wa msimu, na mkataba wake ulikuwa wa miezi sita.